Pete za Alumini Chini ya Gari

Jumatatu, 3 Machi
Wanafunzi wanne leo, barabara ya Unyambwa. Mmoja kazima injini mara saba. Nimevumilia.

Mchana nimepeleka gari kwa fundi Shabani. Linagonga chini kila likipita tuta. Kasema ni bolti za krosimemba, ile fremu inayoshika miguu ya gari. Zimelegea. Kanionyesha pete za alumini alizoagiza Dar. Zinakaa kwenye matundu ya bolti ili fremu isicheze. Ataziuza hapa Singida. Nimekubali anifungie.

Jumanne, 4 Machi
Tofauti ipo. Usukani umetulia, kona nimezikata bila kuyumba. Nafundisha udereva mwaka wa kumi na tisa huu, gari langu nalijua. Shabani kafurahi kama kapata mtoto. Kaniomba nirekodi sauti aitume kwenye magrupu. Nimerekodi. "Mimi Mwalimu Paskalina. Nimezijaribu, gari limebadilika." Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Mdogo wangu Anjelina kapiga simu kutoka Manyoni. Gari lake linachezacheza nyuma, mvua ikinyesha ndiyo zaidi. Analitumia kubebea vitenge vya kuuza mnadani. Fundi wa kule anataka abadilishe shokapu. Ila kaisikia sauti yangu. Aanze na pete?

Nikamwambia anza nazo. Shokapu zina hali gani sikuuliza. Nilikuwa na mwanafunzi kwenye usukani.

Jumatano, 12 Machi
Anjelina katoka barabarani karibu na Ikungi. Mvua. Nyuma kumeserereka, gari likaingia mtaroni. Mkono wa kulia umevunjika. Alikuwa peke yake. Pete alifungiwa juzi, kwa Shabani.

Nimetoka hospitali sasa hivi. Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda gereji kugomba. Nimegomba mbele ya wateja. Shabani kafunga, ni Ramadhani, midomo imemkauka, kaniacha nimalize. Kisha kasema alimwonyesha Anjelina shokapu za nyuma zinavuja mafuta. Anjelina akamjibu, "Dada kasema nianze na pete."

"Na mimi nilipaswa kukataa kumfungia," kasema Shabani. "Sikukataa. Lakini Mwalimu, ile sauti ni yako."

Nimemchukia kwa saa nzima. Baadaye nikaona simchukii yeye.

Jumamosi, 15 Machi
Wazo ni la Shabani. Tujaribu bila mimi kujua. Anaziweka au anazitoa, bolti anazikaza sawasawa kila mara, anaandika kwenye daftari. Mimi nakaa kwa fundi cherehani wa jirani, gereji nimeipa mgongo. Kisha naendesha. Barabara ile ile, mwendo ule ule. Nikirudi nasema zipo au hazipo.

Raundi ya kwanza nimesema zipo. Nilikuwa na hakika. Ya pili, hazipo. Ya tatu, zipo kabisa, hata usukani niliusifia. Ya nne sikuhisi lolote, nikasema hazipo.

Akafungua daftari. Mbili nimepata, mbili nimekosa. Ile ya tatu niliyoisifia, pete zilikuwa mezani.

Nilichokisikia siku ile ni bolti kukazwa. Labda wanaokimbiza magari kwenye mashindano wanaiona tofauti ya pete. Mimi nafundisha watu kurudi nyuma.

Shabani kaketi juu ya tairi. Kisha kaenda kuzitoa dirishani alikozipanga. Nimerekodi sauti nyingine. Nimesema nilikosea, na anayeambiwa shokapu zimekufa abadilishe shokapu. Hakuna aliyejibu.

Jumanne, 18 Machi
Manyoni. Nimemkuta Anjelina kaketi uani, plasta hadi kwenye kiwiko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nimemweleza yote, na lile daftari. Sikujitetea. Nilitaka anitukane, ningepumua. Kasikiliza hadi mwisho.

"Sasa dada," kasema, "ningemuuliza nani mwingine?"

 

Kanipa kitana. Mkono mmoja hauwezi kusuka. Nimekaa nyuma yake nikamsuka mistari minane. Upande wa kushoto imekaa vibaya. Kaishika, kaipapasa, kasema iko sawa.