Uza Kama Yako

Shangazi yangu,

Hatujambo. Bomba la jikoni kwako halivuji tena, na paka wako bado ananinunia.

Uliponipa uwakala wa kuuza nyumba uliniambia, "Iuze kama yako." Yule mnunuzi mpole aliyesifu madirisha, kumbe ametumwa na mama. Wifi yako ndiye anayenunua, na anajificha kwa kuwa anajua hutamuuzia.

Leo amerudi nyumbani na dalali na mkataba wa mauzo. "Tia sahihi, mwanangu. Shangazi yako ajulie wapi?"

"Mama, mimi ni wakala wake. Lazima nimwambie."

Dalali akacheka. "Wakala wa nini, dada? Si uliambiwa kama yako? Basi mpe mama yako."

Mama hakucheka. Amesema nisipotia sahihi kesho, nimtafute mama mwingine.

Ninaandika huku nikisikia ndara zake ukumbini. Zikisimama mlangoni kwangu, kalamu nayo inasimama. Naogopa, shangazi, lakini "kama yangu" si yangu. Sijatia sahihi. Mwenye nyumba ni wewe, basi sema wewe. Nipigie mapema, na akipokea mama, usikate. Mwambie unamtaka wakala wako.

Mwana wa kaka yako