Usiku wa Saa Sita Mchana

Bwera, 16 Septemba 2015

Dada yangu mpendwa Kaswera,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ng'ambo ya mto. Hujambo? Shemeji na watoto hapo Butembo wanaendeleaje? Sisi tunamshukuru Mungu, mvua imeanza na maharage yametoka vizuri. Barua hii anakuletea Marlène, yule wa vitenge, maana simu siwezi. Mama siku hizi ana masikio! Nikinong'ona nyuma ya jiko, ananijibu akiwa uani.

Wamkumbuka mwalimu Semu? Stoo yake ya kahawa ameigeuza makumbusho ya kijiji. Kuna vyungu, mikuki, hata nguo za magome ya miti, nami ndiye mtunzaji. Alitaka na hadithi za kale azirekodi, akamwomba mama. Weee! Mama alikataa katakata. Alisema hadithi ni za usiku, na anayesimulia mchana huiletea nyumba yake msiba. Semu hakuchoka. Akaziba madirisha kwa mablanketi, akamwambia basi mama, usiku huu hapa.

Jumapili, baada ya misa, nilimshika mkono nikamwingiza. Alipapasa vyungu kimoja kimoja, akamtaja mfinyanzi wa kila kimoja, watu wakapiga makofi. Kisha akaanza ile ya msichana aliyevuka mto kwenda kuolewa. Dada, nilikuwa mtoto tena. Nilisikia harufu ya moshi wa jiko letu la zamani, na mguu wako umelala juu ya wangu mkekani. Hata mwenyekiti wa kijiji alikoroma.

Joto likazidi. Semu akaondoa mablanketi polepole, asimkatize. Jua likampiga mama usoni, naye akaendelea kusimulia. Nikamgusa bega, nikamwambia tupumzike. Akanijibu, "Ngoja, mutoto wangu, usiku iko bado murefu."

Hakuna aliyecheka.

Dada, mama haoni. Nalala naye nyumba moja na sikujua! Nilidhani ananishika mkono kwa mapenzi tu. Tulipofika nyumbani alilia, akasema macho yalimwacha tangu Pasaka, akaniapisha nisikuambie, usije ukaacha watoto wako kwa ajili ya kikongwe. Kiapo nimekivunja. Ukasirike, usikasirike, lakini njoo.

Hadithi hakuimaliza. Anasema msichana bado yuko ng'ambo. Njoo saa yoyote, hata jua la utosi. Kwake sasa ni usiku wakati wote, atakusimulia.

Nibusie watoto, shemeji mpe heshima zangu.

Mdogo wako akupendaye,
Immy