Nimemsimamisha Mama Mkwe

Clarrie uko wapi? Nimemsimamisha mama mkwe barabarani.

Mama mkwe, Clarrie. Yule ambaye, kwa mila yetu, tangu nimwoe Raelene sijamsemesha wala kumtazama usoni, na yeye hivyo hivyo. Nami nimevaa magwanda ya polisi, siku ya tatu kazini.

Sajini Brannigan ananiambia, "Haya, mpime pombe." Nikageuka nikatazama vichaka. Mama mkwe naye, ndani ya gari lake, akageukia dirisha la pili.

Sajini: "Mmegombana?"

Nikamwambia hapana, tunaheshimiana sana.

Basi akasimama katikati. Mimi: "Mwambie apulize." Mama mkwe: "Mwambie huyo polisi mimi natoka kanisani." Mzungu mzima anapeleka maneno huku na huku kama mshenga!

Hakuwa na pombe. Akaenda zake.

Sajini akauliza nina mama wakwe wangapi hapa mjini. Nikasema ukihesabu na dada zake, kumi na mmoja.

Walinichukua mimi, mwenyeji wa kwanza kituoni, eti kwa sababu najuana na kila mtu.

Sasa wanataka mwenyeji wa pili. Nikakutaja wewe.

Akauliza swali moja tu: "Ameoa?"