Pakacha la Machungwa Getini

Baba yangu uliyelala Maramba,

Nimehamia Dar, na wiki nzima nimezunguka kumtafutia mjukuu wako Zuhura shule ya sekondari. Ya binafsi, tena. Nimedharau mpaka nimechoka. Shule moja ina bwawa la kuogelea lisilo na tone la maji, lakini limo kwenye kila tangazo lao. Nyingine, mwalimu mkuu kajifunga tai, jasho linamchuruzika, ananiuliza kama nyumbani tunaongea Kiingereza, kana kwamba anauliza kama tunaoga. Hawa hawachagui mtoto, baba. Wanachagua mzazi.

Nikakukumbuka. Tulipohama Maramba kwenda Tanga mjini ulinipeleka kwenye usaili wa ile shule ya ghorofa, umevaa kanzu yako ya Ijumaa, begani pakacha la machungwa.

"Kwa watu hakwendwi mikono mitupu, mwanangu," ulisema. Ulidhani shule nayo ni nyumba ya mtu!

Mlinzi akakuzuia. "Shikamoo mzee. Biashara huku hairuhusiwi."

"Marahaba. Mie n'naleta mwanafunzi."

Wazazi wenye magari wakakodoa macho. Msichana mmoja akaniuliza kama wewe ni baba yangu. Nikasogea hatua mbili, nikamjibu: "Ni mtu wa shambani kwetu."

Ulisikia. Najua ulisikia, maana ulilitua pakacha taratibu, na njia nzima kurudi nyumbani Ngamiani hukunitania hata mara moja. Nilisoma pale miaka minne. Walinifundisha kula kwa uma na kuwaonea haya watu wangu, ingawa hilo la pili nililijua kabla sijaingia darasani. Nikiwadharau wao, baba, najidharau mwenyewe zaidi.

Jana nilikwenda na Zuhura shule ya mwisho, ile inayosifiwa na kila mtu. Nilibeba machungwa ya Maramba, katuletea shangazi. Katibu muhtasi akaziba pua, akasema yarudishwe getini. Nikageuka kumtafuta Zuhura. Alikuwa amesogea hatua mbili, anajifanya anasoma ubao wa matangazo.

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi? Fomu yao niliiacha pale pale mezani, nikamwambia, "Njoo unisaidie kubeba." Hapo hasomi, hata waniite kwa tarumbeta.

Tukakaa nje ya ukuta wao, tukamenya machungwa na mlinzi. Ndipo nilipomweleza Zuhura yule mtu wa shambani kwetu alikuwa nani.

Pumzika, baba. Unisamehe.

Binti yako, aliyesogea