Kola Mia Mbili Chini ya Meza

Jumatatu, 2 Septemba

Mkutano wa wasimamizi. Bwana Asilimia — ndivyo tunavyomwita meneja, maana hata ukimsalimia anakujibu kwa asilimia — kasema laini yangu ya kushona kola za mashati haipandi wala haishuki. Kola mia tano kila siku, mwezi mzima. Mbona kamili hivyo, msimamizi? Nikasema mashine zimezoea. Wenzangu wakacheka. Mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote.

Ukweli nauandika hapa tu. Wakifika mia tano mapema, wale akina mama wanane huficha zinazozidi, mabunda kwa mabunda, chini ya meza ya mwisho. Siku mtu ana homa au cherehani imegoma, zinatolewa. Mchezo huo nimeuanzisha mimi, wakati bado nashona nao, kabla sijavishwa hili koti la bluu la usimamizi.

Jumanne, 3 Septemba

Macho ya Mama Kola yanazidi kuharibika. Leo nimemwona anaupapasa mshono kwa kidole gumba. Ndiye aliyenifundisha kushona kola, miaka kumi iliyopita, na ukikosea alikuwa anakuchapa vidole kwa rula! Sasa anatoa thelathini kwa siku, wenzake wanatoa sabini. Yale mabunda ndiyo yanayomfichia aibu. Nimejitia hamnazo, nikapita.

Alhamisi, 5 Septemba

Umeme umekatika saa nne asubuhi, umerudi saa saba na nusu. Jenereta haina mafuta, eti. Akina mama wamekaa wanatazamana.

Mchana Bwana Asilimia kaninong'oneza sikioni: wageni wa makao makuu wapo, nisimwaibishe. Nikaenda meza ya mwisho, nikasema toeni zote. Zilikuwa karibu mia mbili. Mama Kola akanishika mkono — mwanangu, leo si siku yake, umeme umekatika, kila mtu kaona, acha tukose. Sikumsikia. Nilitaka wapone. Nilitaka na mimi nipone! Nikaandika ubaoni: 503.

Ijumaa, 6 Septemba

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Saa tatu nimepongezwa mbele ya kiwanda kizima. Makofi. Halafu Bwana Asilimia katoa kikokotoo. Siku ya kazi ni saa tisa. Kwa muda wa saa tatu na nusu hapakuwa na umeme, na bado kola mia tano na tatu zimetoka. Basi siku nzima tunaweza ngapi? Mia nane ishirini na tatu! Kwa wema wake atatuachia mia nane. Na mpaka Jumanne saa tisa nimpe majina mawili, ya wazito wa mkono kuliko wote, waondoke.

Nikisema zilikuwa zimefichwa, kuficha mali ya kiwanda ni wizi, laini nzima itatimuliwa. Nikinyamaza, wa kwanza kwa uzito ni Mama Kola. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Nilipotangaza mia nane, mmoja kaiambia cherehani yake kwamba koti la bluu limempanda mtu kichwani. Mama Kola hakuinua uso.

Jumapili, 8 Septemba

Mume wangu kasema niache kazi. Kasema huku anatafuna, kama vile nimemwambia kiatu kinanibana. Nikamuuliza, nikiondoka, huyo atakayeletwa atawahurumia? Akauliza, kwani wewe umewahurumia? Hakukusudia ubaya. Ni fundi friji, hana bosi wala wa chini yake, anaongea na mafriji.

Nimefua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi.

Jumatatu, 9 Septemba

Kola mia sita na kumi. Hawakwenda kula. Mgongo wa mmoja umekakamaa, kasimama anashona.

Saa nane watatu wakapanda ofisini. Nikawaona kupitia kioo, mikono inaenda huku na huku. Wamesema yote — mabunda, na kwamba aliyeanzisha ni msimamizi mwenyewe. Siwalaumu. Ni kweli tupu.

Nikaitwa. Nilijua unga umemwagika na, niseme tu, nilifurahi. Kumbe! Bwana Asilimia kanivutia kiti. Hatamfukuza mtu kwa mabunda, kwa sasa. Anahitaji mtu kama mimi, anayejua mbinu zao zote, na ambaye kuanzia leo hawatamwamini tena. Kasema hivyo hivyo, anatabasamu. Kila saa nikague chini ya meza. Lengo je? Linabaki mia nane, maana sasa imethibitika kwamba nguvu walikuwa nayo wakaificha. Na majina? Mawili, kesho, kama tulivyokubaliana. Tulikubaliana!

Nimekagua. Nimeinama mara tatu mbele ya miguu yao. Hakuna aliyesogeza mguu.

Jumanne, 10 Septemba

Saa nane na nusu. Niko stoo ya nyuzi, fomu iko mbele yangu. Jina la kwanza nimeliandika asubuhi, haraka, nisifikiri: yule mgeni wa miezi miwili. La pili nimeandika Mama Kola. Nimelifuta. Nimeliandika tena. Jana kashona ishirini na nane, na nusu zimerudishwa kwa kupinda. Nikimwandika mwingine, huyo mwingine kanikosea nini? Nimechoka. Sina pa kugeukia, juu wala chini.

Mlango umefunguliwa. Ni Mama Kola mwenyewe.

Hakuwa kati ya wale watatu jana. Kavuta kiti, kakaa, goti lake linagusa langu. Kasema wenzake wamemtuma aangalie nimeandika nani, kwa kuwa yeye siwezi kumficha. Kaichukua fomu kabla sijaizuia. Kaisogeza hadi puani. Kaigeuzia dirishani, kakunja uso, kaisogeza tena. Kisha kairudisha mezani taratibu.

Nisomee basi, mwanangu, kasema. Mwandiko wako mdogo mno.

Nimemwambia asubiri kidogo, bado naandika. Anadhani naandika fomu. Kaweka mikono mapajani, ananingoja. Saa tisa kasoro kumi.