Tangi la Kullateni Kumi na Mbili

Jumatatu, 7 Aprili

Maji ya mfereji hayakuja. Siku ya tano leo. Alfajiri nimetawadha kwa kikombe cha chai, kisha nikaenda Ngara kufundisha watoto wa madrasa mlango wa maji. Yapi twahara, yapi najisi, na maji mengi kisheria ni yapi. Mengi ni yaliyofika kullateni, yaani kiasi cha pipa moja lililojaa. Hayo hata ndege akijisaidia ndani, maadamu rangi, ladha na harufu hazikubadilika, bado ni safi. Binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza nyumbani kwa mwalimu kuna kullateni ngapi. Nikamwambia afungue ukurasa mwingine.

Jioni nimeharibu. Mama aliomba jagi la pili la kutawadhia magharibi. Zuhura, mke wangu, alikuwa anainamisha mtungi wa mwisho, yanatoka tone tone. Na mimi, bila kuombwa na mtu, nikamsomea mama hukumu: kufuja maji ya udhu ni makuruhu, haipendezi kisheria, hata ukiwa kando ya mto. Na dalili yake ya hadithi nikaitaja. Kwa sauti ya darasani! Mama yangu mzazi, aliyenitawadhisha mimi kabla sijajua kutamka bismillahi.

Akaliweka jagi mezani. Akaingia chumbani kwake.

Zuhura naye hasemi nami. Nastahili.

Jumanne, 8 Aprili

Mama amefunga sanduku.

Kaka Abdalla amepiga simu toka Mombasa. Eti keshamkatia tiketi ya treni ya Jumapili alasiri. Eti mama amezoea maji, Salimu, wewe umemweka jangwani. Nimecheka naye kidogo, nikakata simu, nikaingia bafuni nikalia. Nilipomaliza nikakumbuka hata maji ya kunawa uso sina.

Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu. Namtaka mama akae nami. Nilitoka nyumbani nina miaka kumi na tisa. Baba kafa, sipo. Eda ilipokwisha mama akaja huku Dagoretti Corner mwenyewe, kwa hiari yake, akasema atazame. Ametazama mwezi mzima. Alichokiona ni mitungi mitupu na mwanawe akimpigia hesabu ya maji.

Masika imeshatangazwa redioni. Nina hadi Jumapili. Nanunua tangi.

Jumatano, 9 Aprili

Zuhura kasema neno la kwanza tangu juzi: nende dukani na Mama Wairimu. Huyu ndiye mwenye nyumba wetu, anakaa nyuma yetu, ploti moja, ukuta kwa ukuta. Ana mapipa ya mvua tele na sukuma wiki yake haikauki. Nikasema mimi nimefundisha mlango wa maji miaka ishirini, sihitaji ushauri wa mfuga kuku. Zuhura akarudi kunyamaza.

Baada ya darasa, dukani Ngara. Lo, kuna matangi! Meusi, ya kijani, ya samawati. Mafupi mapana, marefu membamba. Muuzaji, kijana mchangamfu, kayagonga moja moja kwa ngumi nisikie unene wake. Kasema yanayopitisha mwanga huota ukoga, nichukue jeusi. Nikamuuliza lita elfu mbili na nusu ni kullateni ngapi. Hakujua. Nikamfundisha. Alisikiliza kwa adabu, kisha: "Sawa, Mwalimu, lakini roof yako ni size gani?" Nikamweleza tofauti ya maji machache na mengi. "Nimeskia, Mwalimu. Lakini roof?"

Watu wa biashara akili zao hazitulii mahali pamoja.

Nimechukua jeusi. Nimepiga hesabu mwenyewe, kullateni kumi na mbili na ziada. Mama atatawadha mpaka achoke.

Alhamisi, 10 Aprili

Tangi limefika. Zuri, wallahi. Limepita getini kwa kuviringishwa, jirani wote wametoka kutazama.

Fundi Otieno kalitazama tangi, akalitazama paa, akanitazama mimi. "Mwalimu, hii upande..." Nikamkatiza. Upande ni huu huu, mlangoni pa chumba cha mama, ili asitembee hatua tatu kwenda kutawadha. Nilikwisha fikiria yote. Akasema, "Lakini hiyo paa..." Nikamweleza fadhila za kumhudumia mzazi. Nilieleza vizuri, hata mwenyewe nikaguswa. Otieno akakuna kichwa, akasema mteja ni mteja, akapigilia gata ya kukinga mvua ukingoni mwa paa na kuiteremshia bomba mpaka kwenye tangi.

Mama Wairimu kasimama penye kamba ya nguo, mikono kiunoni, muda wote.

"Ni kubwa," akasema.

Nikasema ahsante.

Mama naye katoka kutazama. Kauliza moja tu: mvua ya kwanza mtaiachia njia gani? Kwao, alipokuwa msichana, mlikuwa na birika kubwa la kuchimba chini ya nyumba, na mvua ya kwanza haikuingizwa humo. Iliachwa ioshe paa, imwagike njiani, ndipo wazibue. Nikamwambia asijali, maji yakishafika kullateni uchafu mdogo hauyadhuru. Nikaanza na ushahidi.

"Maneno unayo, mwanangu," akasema, akaingia ndani.

Sanduku bado limefungwa. Nimechungulia.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuna mvua. Wingu kubwa lilipita saa tisa, nikatoka uani, likaenda kunyeshea Karen, kwa matajiri. Wale wana mvua ya kumwagia nyasi!

Mtaa mzima umeota matangi mwaka huu. Zamani tulingoja bomba, na bomba lilingoja mabwawa ya huko milimani. Siku hizi kila mtu ni bwawa lake mwenyewe, na kila mtu anatazama juu. Kinyozi wa pale stendi anakata nywele huku anatazama juu. Sikai kwake tena.

Kosa langu la leo: baada ya swala nimewaambia wazee wa msikitini. Watatu wanataka kuja kuliona tangi kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Aibu.

Mvua ilishuka saa nne asubuhi, ya kweli kweli, ya kupiga bati mpaka watu hawasikizani. Alhamdulillahi! Nimetoka na mwavuli kusimama kando ya tangi langu kama bwana harusi. Wazee watatu nao, kila mmoja na mwavuli wake.

Tangi kimya.

Nikaweka sikio. Kimya. Mzee mmoja akasema labda linajaa polepole. Nikapanda ngazi, nikafunua kifuniko. Chini kabisa, kiasi cha vikombe viwili na mjusi mmoja aliyenitazama kwa mshangao mkubwa kuliko wangu.

Na huku nyuma ya nyumba nasikia maji yanaporomoka. Nikazunguka mbio, kanzu imeshikwa mkononi. Paa langu lote, bati zote, limelala kuelekea nyuma! Taratibu sana, ukiwa chini unaliona bapa. Nimekaa nyumba hii miaka tisa sikuwahi kuinua kichwa. Gata yangu iko ule upande wa juu, inakinga upepo.

Maji yote yanamwagikia uani kwa Mama Wairimu. Mapipa sita. Kumbe miaka tisa anachota mvua ya paa langu, yaani paa lake, na mimi nanunua ya mkokoteni.

"Mbona hukuniambia?" Nilipiga kelele, sikatai.

"Mwalimu, wewe hauachangi mtu aongee," akasema, akasukuma pipa kwa mguu. "Na mimi nilidhani ni tank ya kuweka mahindi."

Wazee wamecheka mpaka mmoja akaangusha mwavuli. Otieno nimempigia simu, akasema, "Si nilikuwa nakuambia?" Alikuwa ananiambia. Wote walikuwa wananiambia. Muuzaji wa Ngara, Otieno, Zuhura, mama. Binti wa mstari wa mbele.

Treni ni kesho.

Jumapili, 13 Aprili

Saa sita nimekwenda kumwita mama ajitayarishe. Hayuko. Sanduku lipo, mama hayuko. Nikatoka mbio.

Nimemkuta nyuma, kwa Mama Wairimu, kwenye kigoda, buibui limekunjwa magotini, wakibishana juu ya mapipa. Mama anasema midomo ya mapipa ifungwe kitambaa cheupe. Mama Wairimu anasema hilo analijua, tena mvua ya kwanza yeye huimwaga, huwapa kuku. Mama akageuka kunitazama: waona? Sikuona kitu, nilikuwa nawaza treni.

Mambo yameamuliwa bila mimi. Tangi linahamia nyuma, chini ya gata ya Mama Wairimu. Yatakayofurika ni ya sukuma wiki na kuku wake. Bomba linapita ubavuni mwa nyumba hadi mlangoni kwa mama. Otieno keshaitwa. Zuhura keshapika chai ya watu wote. Mimi nimeambiwa nishike ngazi.

Nimeshika ngazi. Nikiwa nimeishika, Otieno yuko juu, mama kando yangu anaelekeza, nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa lile la jagi."

"Lipi?"

Nikaachia mkono mmoja nijifute uso. Kwa mara ya kwanza sikuwa na ushahidi wa kutoa.

"Wanishika ngazi vibaya," akasema. "Mwenzio ataanguka."

Saa nane Abdalla kapiga simu. Mama kamjibu mwenyewe, kwa sauti iliyofika barabarani: fundi huyu hasikii asiposimamiwa, na mwanangu hasikii hata akisimamiwa, nitaondokaje? Treni imekwenda. Otieno amesema yeye anasikia sana.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ya taratibu. Mama aliiacha ya mwanzo ioshe paa, akangoja, kisha akamgongea Mama Wairimu ukutani, naye akageuza bomba kuelekea tangini. Wameshaelewana kwa kugonga.

Ngara, darasani, nimeuliza kama kuna mwenye swali, nikangoja jibu. Watoto wameshangaa.

Magharibi mama ametoka mlangoni na jagi. Kafungua mfereji wa tangi. Kaosha mikono, kaosha tena, kaacha maji yakimbie juu ya miguu yake mpaka ngazini, amefumba macho. Sanduku lake nimeliona juu ya kabati, tupu.

Nilikuwa nimeegemea ukuta. Hukumu yake naijua, na dalili yake pia.

Nimemjazia jagi la tatu.