Wajina wa Dada

Jumatatu, 4 Machi
Imethibitishwa. Bakteria tuliyemtoa kwenye ufizi wa Dada hafanani na yeyote aliyekwisha kuandikwa. Ukoo wake unajulikana, yeye mwenyewe hajulikani — kama mtoto wa nje aliyeibukia kwenye kikao cha mirathi. Miaka yote hii naosha visahani vya maabara, leo ndiyo kwanza nakutana na mgeni wa kweli. Kumbe alikuwa kwetu, anakula meza moja na dada yangu.

Tulimtoa mwaka jana, kwenye utafiti wa magonjwa ya meno. Wagonjwa wa meno walikuwa tele, wazima wa kulinganisha nao hakuna. Kila mfanyakazi akaambiwa alete ndugu. Nikamleta Dada. Wakati huo alikuwa mzima.

Alhamisi, 7 Machi
Wodini. Figo zimemmaliza; shuka limelala kama chini yake hakuna mtu. Nikamsimulia habari za bakteria ili acheke, na kwamba mkuu wa maabara ameniachia mimi nipendekeze jina.

Akasema: "Mpe langu."

"Dada, ni mdudu wa mdomoni."

"Nimesikia. Una watoto watatu, wote umewapa majina ya ukweni. Mimi sikuzaa. Nani ataitwa kwa jina langu? Mpe huyo, kabla wakwe zako hawajamwona."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka dripu ikatikisika. Na mimi nikacheka. Kwenye ngazi, sikucheka.

Jumanne, 12 Machi
Mkuu alitaka jina la chuo chetu. Baadaye akasema mwenye mdomo ana haki kuliko mwenye jengo. Basi, ni la Dada.

Ila jina halisimami kwa maneno matupu. Lazima bakteria apokelewe akiwa hai katika benki mbili za bakteria, nchi mbili tofauti, ili anayebisha aombe amwoteshe mwenyewe. Akifa njiani, jina nalo limekufa.

Nimekwangua kisahani kizima, nikajaza vichupa viwili. Kwa huyu hewa ni sumu. Nikaziba, nikaziba tena, nikaandika juu ya vifurushi USIFUNGUE kwa wino mwekundu. Mke wangu anasema hata posa yake haikufungwa vizuri hivyo.

Jumamosi, 16 Machi
Dada kauliza mtoto anakula nini. Nikamwambia: damu ya kondoo.

"Ana makuu. Mimi hapa uji."

Jumatano, 27 Machi
Benki zote mbili zimejibu. Hajaota.

Mkaguzi wa mizigo alifungua vifurushi vyote viwili. Aliona USIFUNGUE, akataka kujua kwa nini. Ningeandika "soksi" vingepita.

Nikakimbilia akiba ya kwenye friza. Nayo haioti. Friza lilizima wakati wa likizo, likawaka tena, likajifanya halijui kitu. Na kile kisahani nilikikwangua chote, kwa pupa zangu.

Mkuu akasema taratibu, kama anayeomba chumvi: labda turudi kwa mwenyewe.

Kwa mwenyewe! Tangu Jumapili wanamchoma antibiotiki.

Ijumaa, 29 Machi
Nilikwenda na kijiti cha pamba mfukoni. Nikauliza alivyolala. Nikanyoosha shuka. Nikasifu pazia.

"Umekaa kama mkwe," akasema. Sauti imebaki uzi. "Sema."

Nikasema.

"Amekufa?"

"Amekufa, Dada."

"Ndiyo maana unasifu pazia."

Akafungua mdomo mwenyewe. Midomo ilikuwa imekauka, ikachanika pembeni kidogo, asikunje uso. Nikafuta pale pale, chini ya jino lile lile la mwaka jana. Muuguzi akaingia, akauliza natafuta nini mdomoni mwa mgonjwa wake.

"Mwanangu kapotelea humu," Dada akamjibu. "Mjomba wake anamtafuta."

Muuguzi akatazama dripu, akatazama kijiti, akanitikisia kichwa bila Dada kuona. Najua, mama. Najua dawa hizo zinaua nini.

Jumatatu, 1 Aprili
Visahani viko ndani ya mtungi wetu wa kioo usiopitisha hewa. Haufunguliwi kabla ya Alhamisi. Huyu huota polepole. Ukimfungulia mapema, umemuua.

Asubuhi hii muuguzi kapiga simu. Nisingoje saa ya kuona wagonjwa, nije sasa. Dada haongei sana, ila kauliza mara mbili kama mtoto ameota.

Namsubiri dereva alete gari. Mtungi uko mezani mbele yangu. Ukutani mwake, kwa ndani, pana ukungu wa maji. Naona kisahani cha juu tu. Kuna kidoa cheupe karibu na ukingo. Au ni tone la maji. Nimevua miwani nikaifuta, nikavaa. Nimeugeuza mtungi kwenye mwanga. Kidoa kipo. Sijui ni nini.

Dereva anapiga honi. Muuguzi amepiga tena, anasema Dada amekaza macho mlangoni, na kwamba nikifika nianze na jibu.